Nimeambiwa nifute akaunti za walioondoka: funguo za urejeshaji nitazilindaje?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni msimamizi wa mifumo katika ofisi ndogo. Wenzetu watatu wameacha kazi, na mmoja wao ndiye aliyeweka usimbaji (kufunga data isisomeke bila ufunguo) kwenye mashine zote. Kompyuta za Windows zina BitLocker, seva mbili za Linux zina LUKS, na tuna hazina ya pamoja ya manenosiri. Huyo huyo pia ni mmoja wa watu watano wenye vipande vya ufunguo wa Vault, mfumo wetu wa kutunzia siri za seva. Mkaguzi anataka akaunti zao zifutwe mwezi huu. Nilijaribu kwanza kufuta akaunti ya majaribio kwenye hazina ya manenosiri, nikakuta rekodi mbili za funguo za urejeshaji zimebaki hazina mwenyewe na hazifunguki tena. Nifuate utaratibu gani nisije nikajifungia nje?

JIBU: Ndugu yangu, umefanya la maana kuanza na akaunti ya majaribio. Zile rekodi mbili zimekuonyesha shida yote ikiwa bado ndogo, kwa hiyo tuanze nazo.

Ufunguo wa urejeshaji, yaani ule wa kufungulia data njia ya kawaida ikishindikana, haukai wazi ndani ya hifadhidata ukingoja msomaji. Wenyewe nao umesimbwa, na umesimbwa kwa ufunguo wa mtu fulani. Akaunti yako ya majaribio ilikuwa na jozi yake, ufunguo wa umma na ufunguo binafsi. Rekodi zilisimbwa kwa ule wa umma, na wa kuzisimbua ni ule binafsi tu. Ulipofuta akaunti, ufunguo binafsi ulikwenda nayo. Rekodi zipo, baiti zake zote zimetimia, ila hakuna aliyebaki wa kuzisoma. Wewe kuwa msimamizi hakusaidii kitu hapo, kwa sababu hesabu haimjui msimamizi.

Kwa hiyo kabla ya kumfuta mshika ufunguo yeyote, jiulize hivi: ni kitu gani kinachofunguka kupitia kwake peke yake? Orodha ya watumishi haitakujibu, na orodha ya akaunti mara nyingi itakudanganya. Jibu hupatikana kwa kufungua kitu chenyewe kwa njia nyingine, huku njia yake ikiwa bado ipo.

Tummalize mkaguzi kwanza, maana haraka yake ndiyo inayozaa ajali. Mkaguzi anataka watu hawa wasiweze kuingia. Hilo lifanye leo: zima akaunti, badilisha manenosiri yake (isipokuwa la hazina, kwa sababu utakayoiona mbele), kata vikao vilivyo wazi, ondoa vifaa vya uthibitisho vilivyosajiliwa. Kufuta ni jambo jingine na linaweza kungoja wiki mbili. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa SP 800-57, inatofautisha ufunguo uliositishwa na ufunguo ulioharibiwa. Uliositishwa hausimbi tena kitu kipya, lakini unaruhusiwa kusimbua vya zamani; ulioharibiwa haupo. Mwandikie mkaguzi kwamba akaunti zimesitishwa tarehe fulani na zitaharibiwa tarehe fulani baada ya urejeshaji kuthibitishwa. Wakaguzi niliofanya nao kazi walipokea maelezo ya namna hiyo bila ubishi, kwa sababu ni utaratibu wenye tarehe na wenye mtu wa kuujibia.

Sasa twende kwenye LUKS, nami naianza hiyo kwa makusudi kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha adabu ya kazi hii. Diski ya LUKS ina ufunguo mmoja mkuu unaosimba data, na ufunguo huo umehifadhiwa mara kadhaa kwenye kichwa cha diski, yaani sehemu yake ya mwanzo, kila nakala ikiwa imefungwa kwa nenosiri au faili lake. Nafasi hizo ni kama matundu ya ufunguo kwenye mlango mmoja: LUKS1 ina 8, LUKS2 inaweza kufika 32. Ukitaka kuua tundu kwa amri ya `cryptsetup luksKillSlot`, programu haikuombi nenosiri la tundu unaloliua. Inakuomba nenosiri la tundu linalobaki. Yaani inasema: nionyeshe kwanza mlango mwingine unaofunguka, ndipo nitakuzibia huu. Ukipata, inaua, usipopata, haifanyi kitu.

Hiyo ndiyo kanuni yako kwa kila mfumo ulioutaja. Tofauti ni kwamba mifumo mingine haikuombi chochote, kwa hiyo wewe ndiye utakayeomba badala yake.

Na hata LUKS yenyewe ina mtego. Ukiiendesha kwa `-q`, chaguo la kutouliza maswali, kama watu wengi wanavyofanya ndani ya hati za kujiendesha, haikuombi nenosiri lolote, na tundu la mwisho itaua vile vile. Kwenye kazi hii usitumie `-q`. Tena amri ya `luksDump`, inayoorodhesha matundu, itakuonyesha tundu 0, tundu 1, tundu 3, lakini haitakuambia la nani ni lipi. Huwezi kubahatisha kwa namba. Chukua nenosiri la ofisi lililo kwenye bahasha au kwenye hazina, kisha lijaribu bila kugusa data:

`cryptsetup open --test-passphrase --key-slot 1 /dev/sda3`

Likikubali, andika: tundu 1 ni la ofisi, limejaribiwa tarehe hii, na fulani. Endelea hivyo kwa kila nenosiri mlilo nalo. Tundu litakalobaki bila mwenyewe ndilo la aliyeondoka, au la hati fulani ya kuwasha seva iliyosahauliwa. Chunguza hilo la pili kabla ya kuua, usije ukawasha seva upya usiku ikakaa kimya ikingoja faili la ufunguo ambalo umeliondolea tundu lake.

Kabla ya kugusa lolote, chukua nakala ya kichwa kwa `luksHeaderBackup`. Lakini fahamu ulichoshika: nakala hiyo ina matundu yote yaliyokuwepo siku ile, pamoja na la aliyeondoka. Mwenye nakala hiyo, diski na nenosiri la zamani ataingia, hata kama kwenye diski tundu limeshakufa. Kazi ikiisha, chukua nakala mpya na uharibu ya zamani. Watu hukumbuka kuchukua mpya. Kuharibu ya zamani ndiko husahaulika.

BitLocker ndiyo iliyoniumiza mimi, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Kwenye Active Directory, saraka ya Windows ya watumiaji na kompyuta za ofisi, ufunguo wa urejeshaji wa BitLocker huhifadhiwa kama kitu kidogo chini ya kitu cha kompyuta. Haukai chini ya mtumiaji. Kwa hiyo kumfuta mtumiaji hakuugusi, ila kufuta kompyuta yake huufuta pamoja nayo, bila onyo linalotaja ufunguo. Miaka ya nyuma nilikuwa nasafisha saraka ya ofisi moja. Nilichuja kompyuta ambazo hazikuonekana kwenye mtandao kwa miezi mitatu, nikazifuta kwa mkupuo. Moja ilikuwa ya mhasibu aliyekuwa kwenye likizo ya uzazi. Aliporudi aliiwasha, ikasasisha BIOS (programu ya kuwashia mashine), na ilipowaka tena ikaleta skrini ya buluu inayodai ufunguo wa urejeshaji. Alinisomea kwa simu herufi nane za kitambulisho cha ufunguo, taratibu, moja moja. Nikatafuta. Nikamwomba azisome tena, nikitumaini nimekosea kuandika. Hakukuwa na kitu. Recycle Bin ya Active Directory, pipa la kurudishia vilivyofutwa, iliyokuja na Windows Server 2008 R2, kwetu ilikuwa haijawashwa, na nakala rudufu ya saraka tuliyokuwa nayo ilichukuliwa baada ya mimi kufuta. Majedwali ya hesabu yaliyokuwa kwenye mashine ile tu yalipotea. Sauti yake aliponiuliza "kwa hiyo basi?" naikumbuka mpaka leo, na ndiyo sababu naandika jibu refu namna hii.

Wewe una nafasi ambayo mimi sikuwa nayo: mashine zako bado zinawaka. Mashine iliyo wazi inaweza kutoa ufunguo wake yenyewe. Kaa mbele ya kila kompyuta ya walioondoka, fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike:

`manage-bde -protectors -get C:`

Utaona orodha ya vilinzi, yaani njia za kuifungua diski, pamoja na nenosiri la urejeshaji lenye tarakimu 48 na kitambulisho chake. Linganisha kitambulisho hicho na kilicho kwenye saraka. Vikifanana, vizuri. Visipofanana, saraka yako ina ufunguo wa zamani usiofungua chochote, na hilo hutokea zaidi ya unavyodhani, kwa mfano pale diski iliposimbwa upya baada ya matengenezo. Peleka uliopo sasa kwa `manage-bde -protectors -adbackup C: -id` ukifuatisha kitambulisho, kisha urudi kwenye saraka uhakikishe umefika.

Ukilazimika kunakili tarakimu hizo kwa mkono, kuna jambo litakalokusaidia. Zimepangwa makundi manane ya tarakimu sita, na kila kundi ni lazima ligawanyike kwa 11 bila kubaki. Chukua kundi 421135: ukiligawa kwa 11 unapata 38285 kamili. Ukikosea ukaandika 421153, haligawanyiki. Kosa la tarakimu moja, au la kubadilishana tarakimu mbili zilizo jirani, hujulikana papo hapo. Hakiki makundi yote manane kabla ya kufunga bahasha, kwa sababu siku ya shida hakutakuwa na cha kulinganishia.

Kuna jambo moja zaidi la kumwuliza aliyeweka mfumo, na muulize sasa akiwa bado anapokea simu zako. Je, kuna mashine aliyoianzisha kwa akaunti yake binafsi ya Microsoft? Windows inaposimba kifaa yenyewe, huweka ufunguo wa urejeshaji kwenye akaunti ya msimamizi wa kwanza aliyeingia kwa akaunti ya Microsoft. Ikiwa ni yake ya nyumbani, ufunguo wa mashine ya ofisi uko kwake, na kwenye saraka yenu huenda hakuna kitu. Hapo usihangaike kuuomba. Ongeza kilinzi kipya cha nenosiri la urejeshaji, kihifadhi kwenye saraka, hakiki, halafu kifute cha zamani kwa kitambulisho chake. Nasisitiza mpangilio huo: ongeza, hifadhi, hakiki, futa. Ukianza na kufuta, kuna dakika chache ambazo mashine haina ufunguo wa urejeshaji popote, na umeme haukupi taarifa kabla ya kukatika.

Hazina ya manenosiri ndiyo iliyokuonyesha rekodi zisizo na mwenyewe, na ndiyo yenye mtego uliojificha kuliko yote. Katika hazina iliyosimbwa vizuri, seva haijui ufunguo wa ofisi. Ufunguo huo umefungwa mara moja kwa kila mwanachama, kwa ufunguo wake wa umma. Unapomwongeza mtu, seva haiwezi kumtengenezea nakala yake, kwa kuwa yenyewe haina cha kunakili. Lazima mtu aliye na ufunguo aingie ndipo programu yake imfungie mwenzake. Kabla ya hapo, aliyeongezwa ni jina tu. Kwenye orodha utaona wasimamizi wawili, roho ikatulia, kumbe mwenye ufunguo mkononi ni mmoja, naye ndiye unayetaka kumfuta.

Kwa hiyo usiamini orodha. Mwite msimamizi anayebaki, aingie kwenye kompyuta yake mwenyewe, afungue kitu kimoja cha ofisi ambacho hakukiweka yeye. Kisha afanye jambo ambalo ni mwenye ufunguo tu anaweza: amrejeshee mtumiaji wa majaribio nenosiri lililopotea, mpaka mtumiaji huyo aingie na kusoma kitu chake. Ikishindikana, mpe ufunguo kwanza kupitia akaunti ya anayeondoka, hata kama itabidi uiwashe kwa nusu saa huku umekaa naye. Ndiyo maana nilikuambia usitishe, usifute. Angalia pia vitu vilivyo kwenye sehemu binafsi ya akaunti yake. Watu huweka humo manenosiri ya ofisi kwa nia njema kabisa, na hivyo havimo kwenye ufunguo wa ofisi. Ahamishe mwenyewe kilicho cha ofisi kabla ya kuagana. Vya kwake mtu asiviguse.

Vault ina shida ya namna nyingine. Vipande vyake hutengenezwa kwa njia aliyoichapisha Adi Shamir mwaka 1979: siri inagawanywa, na idadi fulani ya vipande inatosha kuirudisha, lakini pungufu ya hapo haitoi chochote. Mpangilio wa kawaida wa Vault ni vipande 5, vinavyohitajika 3. Kumfuta mtu kwenye akaunti hakugusi kipande chake, bado anacho. Na kama wote watatu walioondoka walikuwa na vipande, mmebaki na viwili, na viwili ni sawa na sufuri. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuhesabu vipande vilivyo mikononi mwa watu waliopo, kwa kuviona. Kumwuliza mtu kama anakumbuka alikiweka wapi si kuhesabu. Vikiwa vitatu au zaidi, fanya `vault operator rekey` mtoe seti mpya kwa watu wapya. Vipande vya zamani havitafungua tena mfumo ulio hai, ingawa nakala rudufu za kabla ya hapo bado zinavitambua. Tumia chaguo la `-verify`, ambalo linakataa kukamilisha kazi mpaka wenye vipande vipya wavirudishe na vithibitike. Ni adabu ile ile ya LUKS.

Kama Vault yenu inajifungua yenyewe kwa ufunguo wa wingu, soma hili mara mbili. Vipande vinavyoitwa vya urejeshaji katika mpangilio huo vinatoa idhini tu, haviwezi kufungua ufunguo mkuu. Ufunguo wa wingu ukifutwa, hata vipande vyote vitano mezani havitaifungua Vault. Basi tafuta ufunguo huo uko chini ya akaunti ya nani, na usikubali ufutwe pamoja na rasilimali za aliyeondoka. AWS KMS, huduma ya funguo kwenye wingu la Amazon, huweka muda wa kungoja wa siku 7 hadi 30 kabla ya kufuta ufunguo, na ndani ya muda huo unaweza kughairi. Lakini heri kuuzima ufunguo kwanza na kuangalia nani analalamika, kwa sababu kuuwasha tena ni amri moja.

Kama mna barua pepe zilizosimbwa kwa OpenPGP, kiwango cha kusimba barua kwa jozi ya funguo, kumbuka tu kwamba kubatilisha ufunguo kunawazuia watu kuutumia kuanzia sasa, ila barua za zamani bado zinasimbuliwa nao. Batilisha, lakini nakala ya ufunguo binafsi iliyo ya ofisi iwekwe penye usalama kwa muda mnaotakiwa kutunza barua hizo.

Umeshahakikisha njia zilizobaki zinafunguka? Sasa ndiyo zamu ya upande wa pili. Aliyeondoka huenda anakumbuka au alinakili funguo alizoziona. Badilisha kila ufunguo wa urejeshaji aliowahi kuufikia, kwa mpangilio ule ule wa kuongeza kabla ya kufuta. Kwenye LUKS, kubadilisha nenosiri hakubadilishi ufunguo mkuu wa data. Aliyekuwa na mamlaka kamili kwenye seva angeweza kuutoa. Kwa yule aliyeweka mfumo wote, na kama seva ina data nyeti, mimi ningesimba upya kwa `cryptsetup reencrypt` baada ya kuchukua nakala rudufu kamili. Kwa wale wawili wengine nisingejisumbua.

Siku ya kufuta, futa mmoja, si watatu. Anza na yule aliyeshika vichache, ngoja siku mbili tatu, rudia jaribio la urejeshaji, ndipo umguse wa pili. Aliyeweka mfumo awe wa mwisho. Na kama mnatumia hati ya kujiendesha kufuta, ongeza sharti moja ndani yake: ihesabu ni rekodi ngapi za urejeshaji ambazo mshika ufunguo wake ni huyu mmoja tu, na ikipata hata moja, isimame. Hifadhidata nayo ipangwe ikatae kumfuta mtu mwenye rekodi zinazomtegemea. Isimfute pamoja nazo, wala isiziache bila mwenyewe. Kukataa kunaudhi siku hiyo, lakini kunakuachia kila kitu kilivyokuwa.

Nirudi kwenye rekodi zako mbili, maana huenda hazijapotea. Akaunti ile uliitengeneza mwenyewe, kwa hiyo nenosiri lake unalijua. Katika hazina za namna hii, ufunguo binafsi wa mtumiaji kwa kawaida huhifadhiwa kwenye seva ukiwa umefungwa kwa nenosiri lake. Tafuta nakala rudufu ya hifadhidata ya kabla ya siku uliyofuta, irudishe kwenye mashine ya pembeni isiyounganishwa na mfumo ulio hai, ingia kama mtumiaji wa majaribio, na ufungue rekodi hizo humo. Kilichomo kihamishie kwa msimamizi anayebaki, kisha ufute mashine hiyo ya pembeni. Angalia leo nakala zenu hukaa siku ngapi kabla ya kuandikwa juu, kwa sababu ile ya kabla ya kufuta haitakungoja.